Kabati la Habaswein

Jumapili, 26 Oktoba

Msasa umeisha tena. Karatasi ya tatu tangu asubuhi. Vumbi la vanishi limenijaa kwenye kucha, puani, hata kwenye chai. Nimepiga chafya mpaka jirani ameniombea rehema kutoka ng'ambo ya ukuta.

Kabati liko uani, chini ya mabati. Lilishushwa juzi kutoka kwenye lori la mbuzi lililotoka Habaswein, na bado linanuka mbuzi. Milango miwili, droo moja chini, kioo chenye ufa. Mguu mmoja umeliwa na mchwa. Ni la nyumbani kwetu. Aabo, baba yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyelinunua kabla sijazaliwa. Tangu afariki lilikuwa limefungiwa stoo, limefunikwa gunia.

Hooyo anakuja. Mama yangu. Amekubali kukaa nami hapa Garissa mwezi mmoja, kisha "tutaona". Hilo "tutaona" ndilo linalonitoa jasho. Sasa anaishi Elwak kwa dada yangu Fardosa, mwenye duka na asiye na muda. Ameanguka mara mbili mwaka huu. Presha. Hapa kuna daktari, kuna kliniki, kuna mimi. Nataka abaki. Nimeshaandika, basi. Nataka abaki asirudi.

Nilikaa na mama yangu miaka saba tu. Halafu nikaletwa Garissa kwa shangazi, nisome. Baada ya hapo ikawa likizo, likizo, ndoa, talaka. Nina miaka arobaini na tatu na sijui mama yangu huamka saa ngapi.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho ninachofundisha. Tena Hooyo hasomi, na Kiswahili cha Fardosa ni cha kupatana bei tu. Siri zangu hazina wa kuzisoma.

Jumatatu, 27 Oktoba

Shule zimefungwa. Mchana mzima mimi na kabati. Joto la kuyeyusha mtu. Nimesugua milango yote miwili na ubavu wa kushoto.

Nilipofika ndani niliinamisha kichwa nikanusa. Chini ya harufu ya mbuzi ipo ile nyingine. Uunsi. Ubani uliopikwa na sukari na marashi. Kila jioni Hooyo alikuwa akiweka makaa kwenye chetezo cha udongo, anadondoshea uunsi, anakisukuma chetezo ndani ya kabati chini ya nguo, kisha anarudisha milango. Moshi ulitoka kwenye nyufa polepole. Mimi nilikaa mkekani nikiutazama. Ukienda juu, unakunjana, unakuwa mtu, unakuwa mti, unapotea. Nadhani ndivyo nilivyojifunza kukaa bila kufanya lolote, na walimu wangu wote walinichapa kwa sababu hiyo.

Siku nyingine niliingia mwenyewe humo ndani, chini ya shuka na gauni zake za dirac, nikavuta mlango. Giza lenye harufu tamu. Sauti za nje zikawa mbali sana, mbuzi, redio, Aabo akikohoa. Nilikuwa nikilala humo. Walinitafuta kisimani mara moja, wakanikuta nimekunjana na nguo zimekwama mashavuni kwa jasho.

Ufunguo wa kabati aliufunga kwenye pindo la mtandio wake. Hakuwahi kuufungua hapo hata akiwa msikitini. Hakuna kitu alichokithamini kama kabati hili. Ndiyo maana nimelileta. Akiingia chumbani alikute, jipya, linang'aa, atajua hapa ni kwake.

Nimechagua rangi. Buluu nyepesi, ile ya mbingu kabla jua halijakasirika. Ndani nyeupe.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimepaka rangi mkono wa kwanza. Jamani, limependeza. Nimekaa juu ya ndoo nikalitazama mpaka chai ikapoa. Mawingu yalikuwa yanapita, na kivuli chao kikipita juu ya milango nikawa naona kama kabati lenyewe ndilo linalokwenda. Nilipotea kabisa. Muadhini wa alasiri ndiye aliyenirudisha.

Kisha Fardosa akapiga. Amenivunja moyo kwa dakika mbili. Ameshaweka nafasi ya basi la kumrudisha Hooyo, Jumapili ya tarehe saba Desemba. Nikamuuliza, abaayo, dada yangu, mbona haraka. Akasema ni Hooyo mwenyewe aliyetaka hivyo, ili asinisumbue.

Asinisumbue. Mimi.

Sijamwambia Fardosa habari ya kabati. Aendelee kuuza sukari.

Jumamosi, 1 Novemba

Balaa. Nimeamka nikatoka uani na kikombe mkononi, nikakuta doa ndani ya kabati. Kahawia, kubwa, limetoka katikati ya ile rangi nyeupe niliyoipaka jana. Halikuwepo wakati wa Magharibi. Nililigusa nikidhani ni unyevu. Kavu kabisa. Limetoka ndani ya mbao.

Nikapaka tena juu yake. Baada ya Adhuhuri limerudi, hafifu, halafu likakolea mbele ya macho yangu. Hata kwenye milango ya nje kwenye nyufa kuna michirizi ya manjano inayoteremka juu ya buluu yangu.

Nimemwita Mutua, fundi rangi wa mtaa huu, Mkamba aliyekuja Garissa kijana na sasa ana wajukuu. Alichungulia, akanusa, akacheka. Akasema mbao hizi zimekula moshi na mafuta miaka na miaka, zimeshiba, na rangi haikai juu ya kitu kilichoshiba. Nilipaswa kuosha kwa maji moto na soda ya kuoshea, kisha kupaka dawa ya kuziba, kisha rangi. Aliniuliza tulikuwa tunachoma nini humo ndani. Nikamwambia uunsi, kila siku, tangu kabla sijazaliwa. Akatikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa aliyechelewa kuletwa.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeosha. Nimesugua kwa soda mpaka ngozi ya vidole imejikunja. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa, na uani kote kulinukia. Harufu ya utotoni mwangu ikitiririka kwenda mtaroni. Nilisimama na ndoo, nikahisi nafanya kosa. Nikapuuza. Huyo ndiye mimi, nikishaanza kitu siambiliki.

Nimeziba kwa dawa ya Mutua. Nimepaka.

Jumatano, 5 Novemba

Limerudi.

Safari hii lina umbo. Ngamia aliyelala, shingo imenyooka mbele juu ya mchanga, amechoka. Nimelitazama muda mrefu kuliko inavyostahili. Asubuhi hizi ninaamka na shauku ya kuona limetoka nini. Juzi lilikuwa kilima. Nikifika hapo sijui kama nataka liondoke au nataka lije lingine.

Mvua imenyesha kaskazini. Hooyo ametoka Elwak jana na basi limekwama Habaswein, maji yamekata barabara mbele. Analala kwa majirani wetu wa zamani. Nimeongea naye kwa simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, upepo ukiichukua. Amesema nisiwe na wasiwasi, maji hayana haraka na yeye hana haraka. Roho yangu iko juu. Ninaogopa ataomba afunguliwe stoo akute kabati halipo, na raha yote ya kumshangaza iishe.

Nimepaka mkono wa nne.

Ijumaa, 7 Novemba

Amefika. Baada ya sala ya Ijumaa, basi limejaa tope hadi madirishani. Nilimwona akishuka nikamtafuta mama yangu nyuma yake, kumbe ndiye huyo. Amekuwa mdogo. Nilipomkumbatia mfupa wa bega lake ulinigonga kidevuni. Begi moja tu, la zipu, jeusi.

Nilikuwa nimeliingiza kabati chumbani kwake asubuhi, Mutua akinisaidia. Lilikaa dirishani, buluu tupu, mwanga ukilipiga. Lilipendeza, walahi. Nikafungua mlango wa chumba nikamtanguliza yeye. Moyo ulikuwa unanidunda kama mtoto aliyechora picha.

Alisimama. Alilitazama kuanzia juu hadi kwenye ule mguu niliotengeneza upya. Akapitisha vidole juu ya mlango, akavinusa.

"Kumbe hili bado lipo," akasema.

Basi. Akaniuliza kibla kiko upande gani. Begi akaliweka chini, kando ya kitanda, hakulifungua zipu.

Jumamosi, 8 Novemba

Hajaligusa. Nguo zake anazitoa kwenye begi, anazirudisha kwenye begi.

Huamka saa kumi na nusu. Sasa najua.

Jumanne, 11 Novemba

Leo nimeshindwa kuvumilia. Tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia sebuleni, nikamuuliza kwa nini haweki nguo zake kabatini. Nikamwambia nimelitoa Habaswein kwa ajili yake, kwa kuwa najua alivyolipenda. Nikamkumbusha uunsi wa kila jioni, ufunguo kwenye mtandio.

Aliweka kikombe chini. Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniumiza kwanza.

Akanieleza taratibu. Ule mwaka wa ukame mifugo iliisha. Ngamia wa mwisho, jike, alilala chini karibu na Habaswein hakuinuka. Walisimamisha nyumba yao ya fito na mikeka pembeni ya mji. Nyumba ile ilikuwa yake, alijengewa na mama yake kwa mikono kwa ajili ya arusi yake, na kila walipohama aliivunja mwenyewe akaipakia ngamia. Alidhani wanasubiri mvua. Mvua ikija watapata ndama kwa jamaa, wataanza upya. Siku moja Aabo akaja na lori. Juu ya lori kabati. Amepata kazi ya kulinda kisima cha mashine, akanunua kabati kwa furaha. Wanaume wanne walilishusha. Hooyo alilitazama tu, akajua.

"Ngamia habebi kabati," alisema. "Siku ile nilijua hatuhami tena."

Lilinuka vanishi na duka. Lilinukisha nyumba yake yote. Ndipo akaanza kulifukiza uunsi, jioni baada ya jioni, ili nyumba inuke kama nyumba. Na ufunguo ulikuwa wa kuzuia milango isijifungue yenyewe. Ilikuwa mibovu tangu dukani.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Aabo.

"Hakuniuliza," akasema. Kisha akanywa chai, na akaongeza bila hasira yoyote, "Na wewe hukuniuliza."

Sina la kuandika zaidi. Nimeumia. Nimejiona mjinga.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua ndogo alfajiri. Doa limerudi tena ndani, chini, pale chetezo kilipokuwa kikikaa. Sasa najua ni doa la nini. Miaka yake yote ya kulikataa kabati, imo ndani ya mbao, na mimi naipaka chokaa.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekasirika kutwa nzima. Nimeosha vyombo kwa kelele. Kwa nini hakusema, miaka yote? Kwa nini watu wa kwetu wanameza tu? Halafu nikakumbuka kwamba nilikaa kwenye ndoa yangu miaka tisa bila kusema neno, na hasira ikaisha nguvu.

Alasiri nilikwenda nikakaa chini karibu na miguu yake. Nikamwambia, "Hooyo, kabati ni lako. Tulifanyeje? Nikiambiwa kuni, nitaleta shoka."

Aliendelea kuvuta tasbihi. Nilidhani hakunisikia.

Jumapili, 16 Novemba

Alinisikia. Siku tatu alikuwa anafikiri. Leo, akiwa anatoka kutawadha, maji bado yanamdondoka kwenye viwiko, ameniambia kabati lisichomwe, halina kosa. Ila hiyo buluu itoke. Rangi ya zahanati, amesema. Kila akiamka anadhani amelazwa.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Wiki mbili za mgongo wangu. Rangi ya zahanati.

Nikamuuliza anataka rangi gani. Alinitazama kwanza, kama anayehakikisha kuwa swali ni la kweli. Akasema anataka rangi ya yule ngamia wa mwisho. Si akiwa mkavu. Akiwa amelowa mvua.

Nilimuuliza ngamia aliitwa nani. Hataki kumtaja. Amekufa kwa kiu, amesema, aachwe apumzike.

Jumatano, 19 Novemba

Duka la rangi, sokoni. Sijawahi kuaibika na kufurahi kwa pamoja namna hii. Hooyo alitafutiwa kiti, akakaa katikati ya duka, fimbo mapajani. Muuza duka, kijana wa Kisomali mwenye adabu, alimfungulia kopo moja baada ya jingine. Hii ni ya punda. Hii ni ya ngamia mwenye upele. Hii ni ya tope la mtoni. Hii, alisema, ni ya ngamia wa mtu mwingine. Wateja waliacha shughuli zao wakaanza kuchangia. Mzee mmoja wa Ijara aliapa kwamba ngamia aliyelowa huwa mweusi kidogo mgongoni, Hooyo akamkatalia, wakabishana nusu saa kuhusu mvua na manyoya. Wote wawili walitoka hapo wamenawiri.

Hatukununua kitu. Njiani aliniambia yule mzee hajui ngamia, anajua ng'ombe.

Sikuwahi kumwona mama yangu akichagua kitu. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu, na mimi ni mtu mzima.

Jumamosi, 22 Novemba

Mutua amekuja na makopo yake mwenyewe, kahawia, maziwa, manjano, na tone la nyeusi. Tumelitoa kabati uani tena. Nimesugua buluu yote ikaisha. Sikuumia sana.

Hooyo ana Kiswahili cha maneno kumi na yote ni ya amri. Onkeza. Wacha. Paka hapa. Mutua alikoroga akapaka kiraka ndani ya mlango, akasubiri hukumu. Hapana. Akakoroga tena. Hapana. Viraka kumi na vinne. Mimi nilikuwa mkalimani, lakini mchana ukiendelea hawakunihitaji tena, waliongea kwa vidole na kope. Kiraka cha kumi na tano, alinyamaza. Aliinamia mlango, karibu pua iguse. Rangi ilikuwa kati ya chai na mchanga, na ndani yake wekundu fulani usioonekana mpaka uache kuutafuta.

Akakiwekea kiganja juu, rangi ikiwa mbichi. Kiganja chote. Alikaa hivyo na macho ameyafumba. Mutua alitazama pembeni kwa heshima. Mimi nililia, na sioni haya kuandika.

Jumanne, 25 Novemba

Amechukua brashi. Nilimkataza, presha, jua, magoti. Aliniuliza ni nani aliyeniambia yeye ni wa udongo. Anakaa kwenye kigoda, anapaka upana wa kiganja, anapumzika. Anatazama ukuta. Upana wa kiganja mwingine. Akiwa anapaka anasema peke yake, kwa sauti ya chini, mambo ya visima na majina ya mabonde. Mengine sijawahi kuyasikia. Nakaa karibu nikijifanya nachambua mchele.

Kuna wakati mchana huu sikujua ni mwaka gani. Jua lilipita kwenye tundu za mabati, vidoa vya mwanga vikamtembea mgongoni, na sauti yake ikaenda kutoka bonde hadi bonde, na nikahisi nasi tunakwenda, kabati, kigoda, sinia la mchele, wote. Mchele niliurudia kuuchambua mara mbili.

Doa limetoka tena, kupitia rangi mpya. Nikaamka kutafuta dawa ya kuziba. Akanivuta gauni nikae. Ngamia gani asiye na baka, amesema.

Jumatano, 3 Desemba

Amemaliza mbele na ubavu mmoja. Presha jana ilikuwa nzuri, daktari wa kliniki amemsifu. Anakula. Amemfundisha jirani kusuka kamba.

Fardosa amepiga kukumbusha. Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, kituoni mapema. Nimemjibu sawa. Nilimuuliza kama hawezi kuahirisha, akanikalia kooni, akasema mimi siku zote nataka kitu kikishakuwa cha mwingine. Hilo limeniuma kwa sababu lina ukweli kidogo.

Ijumaa, 5 Desemba

Amefua nguo zake zote. Ameanika. Zikakauka kabla ya Alasiri, akazikunja vizuri moja moja akazipanga kwenye begi. Nilikuwa mlangoni. Alifunga zipu mpaka mwisho. Sauti ya zipu ile.

Kabati tupu, milango wazi kwa ajili ya hewa.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimepiga moyo konde. Asubuhi, kabla ya chai, nimemuuliza. Safari hii nimeuliza. "Hooyo, unataka kurudi Elwak au unataka kubaki hapa? Utakalosema ndilo nitakalofanya."

Nilitaka kuongeza mengi. Kwamba nilikaa naye miaka saba tu. Kwamba nyumba hii ikibaki na mtu mmoja huwa naongea na friji. Nilijizuia, kwa sababu hayo yangekuwa kumsukuma, na amesukumwa vya kutosha.

Alisema nisimharakishe. Akaomba chai.

Jumapili, 7 Desemba

Saa kumi na nusu niliisikia miguu yake. Akasali. Nikasali. Nikapika anjera, nikamfungashia nyingine za njiani, nikafunga kifurushi kwa kitambaa. Saa kumi na moja na robo. Begi lilikuwa bado kando ya kitanda. Nilitoka nje kutazama kama mwenye tuktuk amefika. Alikuwa amefika, anasinzia kwenye usukani.

Niliporudi Hooyo alikuwa uani. Amejifunga mtandio kiunoni. Amelizunguka kabati, amekaa kwenye kigoda upande wa nyuma, ule utakaogeukia ukuta, ambao hakuna mtu atakayeuona kamwe. Anapaka.

Nilisimama tu. Saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na mbili kasorobo. Brashi ilikuwa inakwenda juu, chini. Upana wa kiganja. Anapumzika. Saa kumi na mbili nikasikia honi ya basi mbali, upande wa barabara kuu, au nilidhani nimesikia. Nikatoka nikamwomba radhi mwenye tuktuk. Nikampa kile kifurushi cha anjera, akashukuru.

Nilirudi nikachambua mchele ambao hatuhitaji.

Jumatatu, 8 Desemba

Amepaka kipande cha mwisho, kule nyuma, chini kabisa. Ameosha brashi mwenyewe kwa mafuta ya taa.

Alhamisi, 11 Desemba

Mawingu. Upepo wa kutoka mtoni, baridi kidogo.

Fardosa alipiga baada ya Adhuhuri, ametaka kuongea na Hooyo. Nikaweka sauti ya nje kwa sababu Hooyo hajui kushika simu sikioni. Fardosa alimuuliza amngoje lini. Aweke nafasi ya Jumapili hii au ijayo.

"Rangi bado mbichi," Hooyo akamwambia. "Siwezi kuiacha hivi."

Kisha akaenda kujilaza. Fardosa akabaki nami kwenye simu, pale uani. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, ni rangi gani hiyo isiyokauka siku nne kwenye jua la Garissa.

Nilinyoosha mkono nikagusa ubavu wa kabati. Nikaugusa mgongo wake, kule nyuma. Kavu. Limekauka tangu Jumanne.

"Ni kweli, abaayo," nikamwambia. "Bado mbichi kabisa."